Bomba la gesi Dar–Tanga–Mombasa: unene wa chuma, viungio, mito na maji ya majaribio

#1 Mkuza_Wazi

Wakuu, tangu Tanzania na Kenya zisaini makubaliano ya gesi pale Nairobi Mei 2021, mazungumzo mengi yamekuwa ya siasa na bei. Uzi huu naomba uwe wa kazi yenyewe: bomba la masafa marefu linajengwaje, wapi huharibika na kwa nini. Rejea tunayo, bomba la Mtwara–Dar lililozinduliwa Oktoba 2015. Linaanzia mtambo wa kusafisha gesi wa Madimba, kipenyo inchi 36, takribani kilomita 477, na tawi la inchi 24 kutoka Songo Songo huungana nalo Somanga Fungu. Kabla yake tulikuwa na lile la kampuni ya Songas la 2004: kilomita 25 baharini kwa inchi 12, kisha kilomita 207 nchi kavu kwa inchi 16 hadi Ubungo.

Naanza na unene wa chuma, kwa sababu bei ya mradi imelala hapo. Huu ni mfano wa hesabu tu, si vipimo vya bomba la Mtwara. Presha baa 100 (megapaskali 10), kipenyo milimita 914, chuma cha daraja X65 ambacho huanza kunyumbuka bila kurudi kwenye megapaskali 448. Zidisha presha kwa kipenyo, gawanya kwa mbili mara nguvu ya chuma mara kigezo cha usalama. Porini kigezo ni 0.72, unapata mm 14.2. Kwenye makazi ya kati ni 0.6, unapata mm 17. Mjini 0.5, mm 20.4. Penye maghorofa 0.4, mm 25.5.

Kanuni ya ASME B31.8, ya Marekani kwa mabomba ya gesi, haiulizi jina la wilaya. Unachukua ukanda wa mita 200 kila upande wa bomba, urefu wa kilomita 1.6, unahesabu majengo wanamoishi watu. Yasiyozidi 10 ni daraja la 1. Yakizidi 10 lakini hayajafika 46, daraja la 2. Kuanzia 46 ni la 3, na maghorofa ni la 4.

Hoja yangu ni kwamba ukitoka Dar kwenda Tanga, kuhesabu nyumba za leo ni kujidanganya. Angalieni Bunju, Mapinga, Kerege hadi Bagamoyo: mashamba yanageuka viwanja kila mwaka. Ukilaza chuma cha mm 14.3 kwa baa 100, kisha eneo likapanda hadi daraja la 3, kwa kigezo cha 0.5 presha inayoruhusiwa pale ni baa 70. Kipande cha kilomita mbili kinaweza kulishusha bomba zima. Utabaki na njia tatu: ukikate na kuweka kizito, ushushe presha, au uonyeshe kwamba jaribio la mwanzo lilifanywa kwa presha ya juu ya kutosha. Kulaza chuma kinene siku ya kwanza ni nafuu kuliko zote tatu.

Wa viungio, kutu na mito waje wajazie.

#2 Mthamini_Pwani

Kabla ya chuma kuna ardhi. Bomba la inchi 36 linahitaji mkuza (ukanda wa ardhi wa bomba) wa ujenzi wa kama mita 30: upande mmoja udongo uliochimbwa, upande wa pili njia ya mitambo na mabomba yaliyopangwa. Udongo wa juu hutengwa peke yake na kurudishwa juu mwishoni. Wakiuchanganya na ule wa chini, mkulima anabaki na ukanda usioota kitu kwa miaka.

Fidia kwa kanuni zetu za mwaka 2001 si ya shamba na nyumba peke yake. Kuna posho ya usumbufu, posho ya makazi ya miezi 36 kwa kodi ya soko, faida iliyopotea kwa miezi 36 kama kulikuwa na biashara, na usafiri wa tani 12 kwa umbali wa kilomita 20. Kosa linalorudiwa kila mradi ni kuthamini, kisha kukaa muda mrefu bila kulipa. Mwananchi ameambiwa asiendeleze, hajalipwa, na bei za viwanja zimeshapanda. Akija kulipwa anaona ameibiwa, na mkandarasi anakuta mkuza una nyumba mpya.

Mikorosho na minazi nayo ina uzito wake huku Pwani. Thamani yake hutegemea umri na uzaaji, kwa hiyo mti unahesabiwa mmoja mmoja mwenyewe akiwepo, unapigwa picha na namba. Orodha iliyoandikwa "mikorosho mingi" ni kesi inayosubiri siku.

#3 Juma_wa_Msata

Swali wakuu: kwa nini lisifuate tu hifadhi ya barabara? Ardhi tayari ni ya serikali, fidia ingekuwa ndogo.

#4 Mkuza_Wazi

Mkuu Juma, sababu ni mbili. Barabara ndiyo inayovuta nyumba, kwa hiyo utalipia chuma cha daraja la 3 karibu njia nzima. Pili, barabara ikipanuliwa bomba linajikuta chini ya magari mazito bila kinga iliyokusudiwa. Kawaida unatembea sambamba na barabara kwa umbali wa kilomita chache ili magari ya kubeba mabomba yafike, na unaivuka kwa pembe ya karibu nyuzi 90 kwa kutoboa chini yake bila kukata lami.

#5 Kiungio_6G

Nachukua viungio. Bomba moja lina urefu wa mita 12. Kwa inchi 36 na unene wa mm 14.3, uzito ni kama kilo 317 kwa mita, yaani bomba moja tani 3.8. Kilomita 477 ni mabomba karibu 39,750 na viungio idadi hiyo hiyo, kila kimoja kina mzingo wa mita 2.87. Kikosi kimoja kizuri kikifunga viungio 80 kwa siku kinahitaji siku karibu 500 za kazi bila mvua. Ndiyo maana unagawa njia kwa vikosi viwili au vitatu vinavyoanza sehemu tofauti.

Mpangilio wa mkuza: mabomba yanatandazwa juu ya magunia ya mchanga, yasilale juu ya mawe. Yanayohitaji kupinda yanapindwa baridi kwa mashine, na mpindo usizidi nyuzi 1.5 kwa kila urefu sawa na kipenyo cha bomba. Ukizidisha, upande wa ndani wa mpindo unafanya makunyanzi, na bomba hilo halirekebishiki. Kisha ncha zinasafishwa, zinakaguliwa pembe ya nyuzi 30, zinabanwa kwa klampu ya ndani, na tabaka la kwanza la kuchomelea linaanza.

Tabaka la kwanza ndilo roho ya kiungio. Kwa elektrodi (vijiti vya kuchomelea) za selulosi kama E6010, tabaka la pili lifuate ndani ya dakika chache, wengi huandika 5 hadi 10 kwenye utaratibu wa kazi. Sababu ni haidrojeni: elektrodi hizi huiingiza kwa wingi kwenye chuma cha moto, na kiungio kikipoa na tabaka moja jembamba kinapasuka kwa nyufa ambazo wakati mwingine hutokea saa kadhaa baadaye, eksirei ikiwa imeshapita. Joto la awali husaidia haidrojeni kutoka. Na klampu isifunguliwe mapema, kwa sababu bomba la tani 3.8 likishuka hata kidogo linalichana tabaka la kwanza.

Nimeona watu wakiweka E6010 kwenye oveni pamoja na zile za haidrojeni kidogo. Hilo ni kosa. Za haidrojeni kidogo, mfano E8018, zikifyonza unyevu huokwa kwenye nyuzi 300 na kitu, kisha hukaa kwenye kibebeo cha moto hadi zitumike. Za selulosi zinahitaji unyevu wake, ukizioka zinaharibika na moto wake unayumba. Zibaki kwenye kopo lililofungwa, basi.

Viungio vyote vipigwe eksirei au vipimwe kwa mawimbi ya sauti. Viungio vya kurudiwa vikizidi asilimia 5 kwa wiki, simamisha na utafute chanzo: fundi mmoja, shehena moja ya elektrodi, au upepo wa bahari unaopenya hema. Kusini jioni upepo huo si wa kudharau.

#6 Katodi850

Mkuu Kiungio amesema kweli, ila kiungio kizuri chini ya ganda baya kitaliwa na kutu. Bomba linatoka kiwandani na matabaka matatu: epoksi, gundi, na plastiki ya polithini ya kama mm 3. Ncha huachwa wazi ili zichomelewe. Kwa hiyo kwenye kilomita 477 una sehemu karibu 40,000 ambazo ganda lake linawekwa porini, vumbini, na watu waliochoka. Kutu ya bomba zima huanzia hapo.

Utaratibu: piga mchanga mpaka chuma kiwe cheupe karibu kabisa (daraja Sa 2.5), pima chumvi, pasha joto bomba zima kuzunguka na si juu tu, paka epoksi, kisha funga mkono wa plastiki unaobana kwa moto, ukianzia katikati kwenda pembeni ili hewa itoke. Gundi lazima ichuruzike kidogo pande zote mbili. Isipochuruzika, joto halikutosha. Chuma kiwe angalau nyuzi 3 juu ya joto la umande (joto ambalo unyevu wa hewa hugeuka maji), kwa hiyo asubuhi na mapema kule Kilwa au Saadani hupaki chochote kabla jua halijakausha bomba.

Ubaya wa mkono uliolegea: maji yanaingia chini yake, na plastiki inazuia umeme wa kinga (mkondo mdogo unaopitishwa kwenye bomba ili lisiliwe na kutu) usifike kwenye chuma. Vipimo vya juu ya ardhi vitaonyesha milivolti −850 au zaidi upande wa hasi, yaani kinga inatosha, kila mtu anaridhika, na chini kutu inakula. Kifaa cha kukagua ndani ya bomba ndicho kitakachoiona, miaka baadaye.

Kabla ya kushusha, pitisha mashine ya cheche kwa kilovolti zilizoandikwa kwa unene wa ganda hilo. Ikilia, pana tundu, ziba na upitishe tena. Mtaro uwe na mchanga laini wa sentimita 15 hadi 20 chini ya bomba na juu yake kabla ya mawe kurudishwa. Ukanda wa Tanga mpaka mpakani una mawe ya matumbawe ya kale, makali mno. Huko mchanga wa kulalia bomba utaletwa kwa malori, na gharama yake iingizwe mapema.

#7 Bonde_la_Rufiji

Sasa mito. Watu wengi hudhani tatizo la bomba mtoni ni kuzama, kumbe ni kuelea. Bomba la inchi 36 linasukuma maji kilo 656 kwa kila mita, lenyewe lina kilo 317. Likiwa tupu linasukumwa juu kwa kilo 339 kwa mita, na gesi ndani haibadilishi mengi. Kwenye bonde kama la Rufiji, udongo uliojaa maji wakati wa masika unakuwa tope lisiloshika kitu, na bomba lililozikwa mita 1.2 huibuka polepole mpaka unaliona juu.

Dawa ni zege. Zege la kilo 2,400 kwa mita ya ujazo, likiwa majini linabaki na kilo 1,400. Ili usawazishe kilo 339 unahitaji mita za ujazo 0.24 kwa kila mita, sawa na ganda la zege la karibu mm 78 kuzunguka. Ukiongeza tahadhari unafika mm 100. Uzito wa bomba nje ya maji unakaribia tani 1.1 kwa mita, kwa hiyo mitambo ya kushusha iliyotosha kilima cha Lindi haitoshi bondeni. Mtu akipanga mitambo bila hesabu hiyo, kazi inasimama masika ikikaribia.

Dar–Mombasa kuna Ruvu, Wami, Pangani na Umba, na Wami inapita Hifadhi ya Saadani.

#8 Juma_wa_Msata

Si watoboe tu chini ya mito yote kwa mashine ya kulala (inayotoboa kwa ulalo chini ya ardhi), yaishe?

#9 Bonde_la_Rufiji

Mkuu, kutoboa kunavuka mto, hakuvuki bonde. Mkondo wa Ruvu unaweza kuwa makumi ya mita, lakini mafuriko yake yanatanda kilomita. Huko kwenye bonde zege bado linahitajika.

Na kutoboa kuna masharti yake. Kwa inchi 36 tundu linapanuliwa hadi inchi 48 hivi. Mpindo wa njia una nusukipenyo kisichopungua kama mita 1,100, kwa hiyo mashine inaanza mbali na kingo, na upande wa pili unahitaji uwanja ulionyooka wenye urefu wa kipande chote kitakachovutwa, kikiwa kimeshachomelewa na kupimwa kwa maji. Kikianza kuvutwa hakuna kusimama kulala, tundu linabana. Kwenye mchanga uliolegea tope la bentonaiti (udongo laini wa kushikilia tundu) linapasua ardhi na kutokea mtoni, tundu linaporomoka. Toboa visima vya kupima udongo kabla ya kuchagua, kila upande na katikati. Wami ndani ya hifadhi, ndiyo, toboa. Kijito kinachokauka Septemba, kichimbe mtaro Septemba hiyo hiyo.

Ila kijito kisidharauliwe. Mei 2024 kimbunga Hidaya kiliikata barabara ya Dar–Lindi maeneo ya Somanga. Maji yale yale huchimba chini ya bomba. Kina cha kuzika kwenye kijito kipimwe kutoka mahali mafuriko makubwa yatakapofikisha uchimbaji, si kutoka sakafu ya mchanga unayoiona kiangazi.

#10 Maji_na_Presha

Nimalizie na majaribio ya maji, hatua inayodharauliwa kuliko zote. Ndani ya kilomita 30 za inchi 36 kuna maji mita za ujazo karibu 18,500. Unapata wapi, nani kakupa kibali, utayamwaga wapi? Kawaida maji yanasukumwa kutoka kipande kimoja kwenda kingine ili yatumike tena. Maji ya bahari yaepukwe. Maji ya mto yachujwe, na kama yatakaa ndani wiki nyingi yawekwe dawa ya kuondoa oksijeni na kuua bakteria. Kuna bakteria wanaotengeneza kutu ya mashimo, nao wanapenda maji yaliyotulia.

Kwanza pitisha pigi (kifaa kinachosukumwa ndani ya bomba) la kupimia, lenye sahani ya alumini ya asilimia 95 ya kipenyo cha ndani. Sahani ikitoka imepinda, mahali fulani bomba limebonyea, litafute kabla ya kujaza. Kisha jaza ukiwa na pigi mbele ya maji ili hewa itoke yote.

Presha ya jaribio ni mara 1.25 ya ile ya kazi kwenye maeneo ya wazi na mara 1.5 mjini. Kwa mfano wa Mkuza_Wazi hiyo ni baa 125, na chuma cha mm 14.3 kinafika asilimia 89 ya nguvu yake. Sasa angalia mwinuko: kila mita 10 za kushuka zinaongeza karibu baa 1. Kipande chenye tofauti ya mita 80 kati ya kilima na bonde, chini kitakuwa na baa 133, asilimia 95. Kwa hiyo vipande vya majaribio hukatwa kwa mwinuko kwanza, urefu baadaye.

Ukishajaza, subiri angalau siku nzima maji na ardhi vilingane joto. Kwa bomba hili nyuzi moja ya joto inabadilisha presha kwa kama baa 3. Watu hufukua kutafuta uvujaji ambao haupo, kumbe jua limepasha kipande kilichobaki wazi kwenye vali. Funika kila kinachoonekana, pima joto la ardhi kando ya bomba, shikilia saa 24.

Baada ya kutoa maji, utando wa milimita 0.1 tu ukutani unabakiza lita 278 kwa kila kilomita. Unapitisha mapigi ya sponji na hewa kavu mpaka hewa inayotoka mwisho ifike joto la umande la nyuzi −20. Maji yakibaki, gesi ya presha kubwa huungana nayo na kutengeneza haidreti, theluji ngumu inayoganda hata kwenye nyuzi 15 juu ya sifuri. Inaziba vali, hasa kituoni ambapo presha inashushwa: kila baa moja ya kushuka hupoza gesi kwa karibu nusu nyuzi, kwa hiyo kutoka baa 70 hadi 20 unapoteza kama nyuzi 25. Ndiyo maana vituo vina hita kabla ya vali za kushusha presha, na mitambo ya kusafisha hukausha gesi kwa glaikoli kabla haijaingia bombani.

Mwisho kabisa nitrojeni, ndipo gesi. Gesi na hewa visikutane bure.

#11 Kisima_Mnazi

Kwenye uwezo, tuelewane. Bomba la Mtwara limepangiwa futi za ujazo milioni 784 kwa siku bila kompresa (mashine za kuongeza presha), na kama 1,002 zikiwekwa. Madimba inasafisha 210, Songo Songo mpya 140. Hivyo chuma kina nafasi, mitambo na visima ndivyo vinavyobana. Anayetaka kupeleka gesi Mombasa aanze kuhesabu visima vya Mnazi Bay na Songo Songo kabla ya kompresa.

Faida ya kipenyo kikubwa ni akiba ya ndani. Kati ya baa 80 na 60, bomba lote la Mtwara linabeba zaidi ya futi za ujazo milioni 200 za ziada. Mtambo wa umeme wa megawati 150 kama Kinyerezi I wa awali unakula kama 35 kwa siku. Visima vikikatika asubuhi, waendeshaji wana muda wa kurekebisha bila Dar kuzimika.

#12 Katodi850

Moja la mwisho kutoka upande wa kutu, ni la njia hii hasa. EACOP, bomba la mafuta ghafi kutoka Uganda, inashuka kutoka magharibi hadi Chongoleani, kaskazini mwa jiji la Tanga. Bomba la nchi kavu kwenda Mombasa litalazimika kulivuka. Yote mawili yana umeme wa kinga, na mkondo wa mmoja unaweza kuingia kwa mwenzake na kutoka mahali pengine. Pale unapotokea ndipo chuma kinapoliwa haraka. Pale kwenye makutano weka nafasi isiyopungua nusu mita kati ya mabomba, ganda maradufu, nguzo ya kupimia yenye nyaya za mabomba yote mawili, na pima kwa pamoja: zima kinga ya hili, soma lile, halafu kinyume chake. Makubaliano ya nani anapima na mara ngapi yaandikwe kabla ya mtaro kuchimbwa.

Nyaya za msongo mkubwa zikitembea sambamba na bomba kwa kilomita kadhaa, hujenga volti kwenye chuma. Kiwango cha kugusika ni volti 15 tu. Fundi anayeshika nguzo ya kupimia bila kujua anaweza kuumia. Weka nyaya za zinki ardhini kando ya bomba na mkeka wa chuma chini ya kila vali.

#13 Mkuza_Wazi

Shukrani wakuu. Juma ameniuliza pembeni kuhusu vali, nijibu hapa. Daraja la 1 zisizidi kilomita 32 kati yake, la 2 kilomita 24, la 3 kilomita 16, la 4 kilomita 8. Kipande cha kilomita 30 kwenye baa 70 kinabeba gesi karibu futi za ujazo milioni 50. Bomba likipasuliwa na kijiko, hiyo yote itatoka hata vali zikifunga papo hapo. Kwa hiyo kipande cha Bunju hadi Bagamoyo nakiwekea vali za kilomita 8 tangu mwanzo, chuma cha mm 20.4 hata palipo shamba leo, utepe wa onyo sentimita 30 chini ya ardhi juu ya bomba, na alama ambazo ukisimama kwenye moja unaiona inayofuata. Mtu wa kutembea mkuza kila wiki aajiriwe kijijini hapo hapo, apewe simu ya kituo na mamlaka ya kusimamisha kijiko chochote kinachochimba.